Mfuaji Aliyerudi Si Yeye

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo na hiyo baridi yako? Sisi wazima, ila mama goti linamsumbua na hataki kukubali. Akipanda ngazi anasimama katikati, anajifanya anatazama picha za ukutani, kumbe anahema. Wapwa zako wamerefuka, kila kiatu kinawabana. Shemeji yako alirudi salama na anakusifu kupita kiasi: eti ulimpokea vizuri pale ubalozini, ukamtembeza mjini, ukamkinga na baridi kwa koti lako mwenyewe. Analivaa hata jua likiwaka, maringo matupu.

Haya, sasa nisikilize. Mama Mizigo anaruka kesho kufuata nguo zake za kuuza, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono kama ulivyotaka. Sijui kwa nini mtu mwenye simu mbili anataka barua zake zisafiri katikati ya magauni ya watu, lakini sawa.

Leo tumefungua sanduku la maonyesho. Mfuaji wetu amerudi, yule mwanamke aliyeinamia beseni akatupa kisogo, ambaye kila mtoto wa shule nchini huletwa makumbusho kumwona. Alikaa huko kwenu miezi, na ubalozi wenu ndio uliomsimamia. Nikamlaza mezani kumkagua kama ninavyofanya kwa picha yoyote inayotoka safari.

Unakumbuka bomba lilipopasuka ghalani, turubai ikachanika pale kwenye kisigino? Niliishona mimi, uzi kwa uzi, nikapaka rangi juu yake. Rangi yangu ni changa kuliko ya mchoraji, kwa hiyo ukiimulika kwa taa ya zambarau inatokea nyeusi kama doa la wino. Leo nimemulika, doa hakuna. Kisigino kinang'aa sawasawa na beseni. Aliyekichora hakuziba chochote, amechora picha nzima kwa pamoja.

Mfuaji aliyerudi si yeye.

Sijamwambia mtu, hata shemeji yako aliyemsindikiza. Nakuuliza wewe kwanza kwa sababu sanduku lilikuwa mikononi mwa ofisi yako. Nani aliingia pale? Nijibu upesi, mkurugenzi anadai ripoti yangu.

Dada yako


9 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mnaendelea vizuri. Huku theluji imeanza kuyeyuka na barabara zimekuwa tope tupu. Nimempa Mama Mizigo dawa ya kuchua kwa ajili ya goti la mama. Mwambie apake asubuhi, na asiifiche kabatini kama ile ya mwaka jana. Soksi alizonifumia nazivaa. Moja ni ndefu kuliko mwenzake, lakini usimwambie.

Kazi ni ile ile ya biashara: mikutano, chai, mikutano. Nimenenepa kidogo.

Kuhusu ile picha, dada, nadhani umechoka. Miaka yote hiyo unainamia meza, macho nayo ni nyama. Na hiyo taa yenu ni ya zamani mno, huenda imeanza kudanganya. Kwa heshima zote, usiandike ripoti yoyote kwa sasa. Acha jambo hili lilale kidogo. Vitu vingine ukivigusa mapema vinakuumiza mkono bure.

Wasalimie wote, hasa shemeji.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mama yupo, dawa ameificha.

Barua yako imenifikia ikiwa imechelewa, na hata ingewahi isingenisaidia kitu. Nilikuuliza nani aliingia chumba cha maonyesho, ukanijibu habari za tope na soksi! Halafu unaniambia macho yangu ni nyama. Macho haya ndiyo yaliyokuwa yakikagua kazi zako za shule, nisikukumbushe ulivyokuwa ukiandika.

Nilisubiri mpaka mkurugenzi akanijia juu mbele ya watu. Nikampa ripoti. Aliisoma akiwa amesimama, akafunga mlango, akanywa maji, akainua simu. Juma lile lile polisi walikuja nyumbani tukiwa mezani. Walimchukua shemeji yako kijiko kikiwa mkononi. Alikitazama kile kijiko kama hajui kimefikaje, akanikabidhi, akasema, "Mwambie mama nitachelewa."

Wanasema ni yeye. Ndiye aliyesafiri na sanduku kwenda na kurudi, jina lake ndilo lililo kwenye kila karatasi. Magazeti yote yameandika ukurasa wa kwanza, na picha yake akiwa kavaa lile koti lako. Mwalimu amemhamisha mpwa wako dawati kwa sababu wenzake wanamwita mtoto wa mwizi.

Na ushahidi wao ni nini? Ripoti yangu. Nimemfunga mume wangu kwa mwandiko wangu.

Wewe ulikuwepo kule. Ulimwona akikabidhi, ulimwona akikabidhiwa. Andika barua kwa polisi useme hivyo. Ni mistari michache tu.

Dada


30 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimesikitika mno. Naomba uwabusu watoto kwa niaba yangu. Huku maua yameanza kuchipua kando ya mto.

Usimwogopee sana shemeji. Hapo alipo si pabaya, chumba kina dirisha na anaruhusiwa kusoma. Mambo haya huchukua muda, kisha hupita. Kuhusu kuandika barua polisi, kwa nafasi yangu siruhusiwi kuingilia mambo ya mahakama. Utanielewa.

Mdogo wako


21 Mei

Wewe,

Mama hajambo, watoto hawajambo, mimi ndiye nimechoka hadi basi.

Dirisha? Nani amekuambia habari za dirisha? Shemeji yako alihamishwa kutoka kituo cha polisi kwenda gereza lile la nyuma ya kiwanda cha saruji, na mimi mke wake nilikuja kujua baada ya kuzunguka milango yote nikiwa na kikapu cha chakula. Nilipomwona ndipo akaniambia, "Afadhali hapa, kuna dirisha." Niliporudi nyumbani nikamkuta Mama Mizigo na barua yako, nawe umeshaniandikia habari za dirisha! Uko ng'ambo ya bahari na unajua kuta za mume wangu kabla yangu.

Nimekaa nikafikiri, na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyojiona mjinga. Mwaka jana nilikuuliza cherehani huko zinauzwaje, ukasema utaulizia. Ofisa wa biashara hajui bei ya cherehani! Hujawahi kunitumia picha ya ofisi yako. Kila nikikuuliza rafiki zako ni akina nani, unanitajia hali ya hewa. Tukiwa wadogo tulikuita Kasuku kwa sababu hukuweza kufunga mdomo, mama akikukonyeza mbele ya wageni ndiyo kwanza unaongeza sauti. Nani amekutia gundi?

Sikulazimishi tena. Kesi inasikilizwa Julai na nimeitwa kuwa shahidi, hakuna fundi mwingine wa picha hapa. Basi nitasimama niseme nilikosea. Nitasema macho yamechoka na taa ni ya zamani, maneno yako mwenyewe. Nitasema Mfuaji yule ni halisi. Kama hakuna wizi, hakuna mwizi, na shemeji yako anarudi nyumbani.

Jitie hamnazo hilo nalo.


18 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama nampenda, mwambie. Leo sina habari nyingine ya kukupa kwanza, nisamehe.

Usiseme ni halisi. Tafadhali. Nitakueleza, na ukishasoma chana, choma, kanyaga jivu.

Mimi si ofisa wa biashara. Nadhani ulishajua. Kuna mtu huku tunamwita Bwana Glavu, kwa sababu hagusi kitu bila glavu nyeupe. Ni mpenda sanaa mkubwa na ana nyumba iliyojaa picha za wizi kutoka kila pembe ya dunia. Pia ndiye anayewapelekea bunduki wale wanaochoma vijiji mpakani mwetu. Hanunui kitu kilicho halali, maana halali kila mtu anacho. Kwa miaka tulishindwa kuingia ndani kwake. Mkuu wangu akasema tumpe kitu asichoweza kukikataa.

Ya bandia isingefaa. Ana mtaalamu wake mwenye taa kama yako. Ilibidi awe Mfuaji mwenyewe, pamoja na fremu yake. Kile kilichomo ndani ya fremu kinasikia kila neno linalosemwa sebuleni kwa Bwana Glavu. Aliyemuuzia ni mimi. Ananijua kama ofisa mla rushwa wa ubalozini, na kila wiki ananialika nile naye chini ya picha yenyewe.

Sasa tega sikio. Ukisimama mahakamani useme ya makumbusho ndiyo halisi, atasoma magazeti, maana anayasoma. Ataamini nimemuuzia bandia. Ataitoa ukutani, ataifungua fremu, na hapo sitakuwa na la kumwambia.

Kuhusu shemeji. Bwana Glavu alitaka kuhakikisha picha imeibwa kweli. Mkuu akasema mtu akiwa jela, hakuna ushahidi unaoupita huo. Ripoti yako ilipofika, waliitumia. Nilikuandikia usiiandike. Baada ya hapo nilinyamaza, dada. Niliambiwa ni kwa muda mfupi, na kwamba atapewa chumba chenye dirisha.

Sema ni bandia, basi. Ndiyo kweli yenyewe. Nipe mpaka Septemba, meli yake moja iko njiani.

Mdogo wako


16 Julai

Mdogo wangu,

Mama anakohoa lakini anakula. Watoto wamefunga shule.

Barua yako niliisomea ghalani, nimejifungia mlango. Kwanza nilicheka. Kisha nikapiga teke kreti mpaka kidole gumba kikavimba, bado nachechemea. Umenipa mume kwenye mkono mmoja na ndugu kwenye mwingine, halafu unaniomba nisubiri Septemba! Mlihitaji mtu wa kukaa jela, mkatazama pembeni mkamwona aliyekuwa karibu, mtu uliyemvisha koti lako kwa mikono yako. Mkuu wako ana wazimu, na wewe unayemwitikia ndiyo ni mgonjwa zaidi.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, nikitafuta njia. Nikaenda mahakamani.

Mwendesha mashtaka aliniuliza mbele ya ukumbi uliojaa waandishi, "Mchoro huu ni halisi?"

Shemeji yako alikuwa ananitazama. Amekonda. Nilijua anachotaka niseme, nami nilikuwa nimemwahidi.

"Si halisi," nikasema.

Aliinamisha kichwa. Mungu anisamehe, sitakisahau kile kichwa.

Kisha wakili wake akasimama, nami nilikuwa nimeshamweleza cha kuniuliza. "Sanduku likiwa ugenini, ufunguo unakaa kwa nani?"

"Unakaa ubalozini. Msindikizaji anakabidhi ufunguo akifika. Siku ya kurudi anapewa sanduku limeshafungwa na kupigwa lakiri. Anabeba mbao tu, kilichomo ndani hakioni."

"Aliyelifunga na kupiga lakiri ni nani?"

"Ofisa wa biashara."

"Unamfahamu?"

Nikasema, "Ni mdogo wangu. Tumetoka tumbo moja."

Hakimu aliweka kalamu chini, akaniuliza kama naelewa ninachokisema. Nikamwambia naelewa kuliko anavyodhani.

Shemeji yako ameachiwa, hana kesi ya kujibu. Imetolewa amri ukamatwe popote ulipo. Bwana Glavu wako akisoma gazeti atakuta picha ya bandia imebaki kwetu, na ofisa mwizi ni wewe, kama unavyomwambia kila wiki. Sijui ningekupa nini zaidi. Ni kwamba nyumbani sasa huna pa kurudi, na mimi ndiye niliyefunga mlango. Sikuomba kazi hiyo.

Mama alisikia redioni. Alizima, akauliza kama chumvi imekwisha. Tangu hapo hajakutaja.

Shemeji yako naye amelikunja koti lako, kaliweka juu ya kabati. Anakaa kwenye kizingiti akishona viatu vya watoto, hata visivyochanika.

Dada


20 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mama anakohoa bado? Mpelekeni apigwe picha ya kifua, asiwazungushe.

Imekwisha. Bwana Glavu alisoma magazeti yenu, akanipigia simu akicheka, akaniita kwake, akafungua chupa. Alisema sasa ananiamini kabisa kwa kuwa hata dada yangu amenikana. Chini ya Mfuaji, glasi mkononi, akamtajia mgeni wake jina la meli na bandari itakakoshusha. Meli imekamatwa. Yeye alikamatwa mezani akimenya chungwa, glavu zikiwa mkononi. Ushahidi wako ndio uliomfungua mdomo. Sijui kama hilo linakufurahisha au linakuudhi.

Mkuu alinipongeza. Kisha akaniambia kwamba kwa nyumbani mimi ni mwizi, na ni afadhali nibaki hivyo, maana serikali haiwezi kukiri iliiba picha yake yenyewe. Watanipa jina jipya na nchi ya mbali. Nikamuuliza Mfuaji je? Akasema atabaki huku, kwenye ukuta wa ofisi ya wenzetu waliotusaidia, kama shukrani. "Kule nyumbani tunayo moja tayari," akasema, "na watoto wa shule hawawezi kujua tofauti."

Dada, yule mtu nimemtii miaka yote. Safari hii sikumtii.

Nimemchukua Mfuaji. Nilikuwa na ruhusa ya kuingia ghala la vielelezo kwa mara ya mwisho. Fremu nimewaachia. Turubai nimeikunja vizuri, rangi ikiwa ndani ili isichubuke, nimeizungushia zulia, ipo chini ya kitanda changu hapa nilipojificha. Tarehe tisa Septemba nitapanda ndege ya asubuhi kwa jina langu mwenyewe. Nitajisalimisha, na nitaeleza yote mbele ya hakimu yule yule, shemeji asafishwe na si kuachiwa tu.

Usije uwanjani. Polisi watakuwepo na sitaki mtu wa nyumbani aione pingu. Shemeji simwombi chochote, sina uso wa kumwomba. Mwambie tu kwamba najua.

Mdogo wako


27 Agosti

Wee!

RANGI NDANI? Umekunja picha rangi ikiwa ndani? Nani amekufundisha? Ikikunjwa hivyo rangi inabanana, inapasuka na kubanduka vipande vipande kama ganda la yai! Umemwibia Bwana Glavu, umemwibia Mkuu wako, umevuka hatari zote hizo, halafu unamuulia Mfuaji chini ya kitanda!

Mama Mizigo anaondoka kesho na nimemwapisha akukabidhi barua hii mkononi. Ukiipata tu, acha yote. Ifungue taratibu, chumba kikiwa na joto kidogo, usiivute. Ilaze juu ya shuka safi ipumzike. Tafuta bomba pana la plastiki, pana kama ndoo, lile la mafundi wa maji. Lizungushie karatasi laini, kisha izungushe picha juu yake, rangi ikitazama NJE. Umesoma? Nje. Na zulia libaki huko huko, lina vumbi.

Haya. Mama anaendelea vizuri, kifua ni safi. Barua yako niliwasomea yeye na shemeji yako kwa pamoja jana mchana, hii na ile ya Juni pia, maana sikuichoma. Nimechoka kuwa kabati la siri zako. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo hakuiba." Nikamwambia mama, aliiba, ila kwa amri, halafu akaiba tena bila amri. Akasema, "Ninyi mmesoma sana." Akaenda kulala, na leo nimemsikia akimsimulia jirani kwamba una safari.

Shemeji yako hakuacha kushona. Nilipofika pale uliposema ulinyamaza, sindano ilisimama. Nikaendelea kusoma. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu, "Nani anasindikiza mzigo?"

Nikamwambia hakuna, anakuja nao mwenyewe.

"Picha ya makumbusho haisafiri bila msindikizaji," akasema. "Niliipeleka mimi, na haijarudi. Safari yangu haijaisha."

Asubuhi ameingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi. Sijui walisemezana nini, nilisikia kiti kikianguka. Ametoka na ufunguo wa gari la picha. Ile ya bandia imeshaondolewa ukutani, pamebaki msumari na ukuta uliopauka.

Kwa hiyo uwanjani tunakuja, utake usitake. Polisi wao wachukue chao, ambacho ni wewe, na sisi tuchukue chetu. Wakili yule yule atakuwepo, na mama amesema pingu ameshaziona kwa mkwewe, hazimtishi. Usimkabidhi bomba lile askari, wala ofisa, wala mtu yeyote mwenye suti. Mkabidhi shemeji yako mkononi, na umtazame usoni unapomkabidhi.

Kukusalimia hajaahidi. Lakini gari ameshaliosha mara mbili.

Dada yako